Malezi ya Vijana: Tulimtoa Kwaya, Hatukumwuliza Neno



Mwezi huu tulikusudia kuzungumza nanyi juu ya akiba ya nyumbani. Tumeiahirisha mada hiyo, maana liko jambo linalotukaa moyoni, nasi tumeona afadhali tuliseme hapa waziwazi kuliko kuendelea kulinong'ona njiani tukitoka kanisani, kama ilivyo desturi yetu.

Januari mwaka huu binti mmoja wa usharika wetu alirudi shuleni akiwa mama wa mtoto wa miezi saba. Siku ya kwanza alipita mbele ya kanisa asubuhi na sare yake, mkoba begani. Baadhi yetu tulikuwa uani tukifagia. Tuliinamisha macho, si kwa kumdharau, bali kwa kuona haya wenyewe. Tutawaeleza sababu.

Mama yake binti huyu anauza chai na maandazi karibu na kituo cha mabasi. Huamka saa tisa usiku kukanda unga. Binti alikuwa kidato cha tatu, umri wake miaka 16, na alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana. Jumapili moja baada ya ibada mama huyo alibaki ameketi kwenye benchi watu wote walipokwisha kutoka. Tulipomwendea akasema, "Dada zangu, mwanangu ana mimba ya miezi minne. Baba yake amemfungia mlango, yuko kwa mdogo wangu. Nifanyeje?"

Tulimshika mkono, tukaomba pamoja naye. Hilo lilikuwa jema. Lakini Jumanne iliyofuata tulikaa kikao cha uongozi, na kwa muda usiofika nusu saa tukakubaliana binti atolewe kwaya "ili wengine wasije wakaiga". Hakuna aliyeuliza mwanamume ni nani. Hakuna aliyeuliza binti anakula nini huko aliko, wala masomo yake yatakuwaje. Tulipokuwa tunasimama kwa sala ya kufunga, mama mmoja mjane, mzee kuliko sisi sote, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo, akatuuliza: "Kwaya mmemtoa. Sasa mnampeleka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule wengi wetu tulikumbuka habari za Hagari katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 16. Mjakazi yule alikuwa na mimba, amekimbia nyumbani, yuko peke yake jangwani penye chemchemi. Malaika wa Bwana alipomkuta, alianza kwa kumwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Sisi tulikuwa tumetoa hukumu bila kuuliza hata swali moja.

YALIANZA KWENYE SIMU

Basi wawili kati yetu tukaenda kumwona. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya tatu, tukimsaidia kuchambua mchele, akaanza kueleza.

Nyumbani kwao kulikuwa na simu moja ya kupangusa, aliyoinunua mama ili apokee oda za maandazi na malipo. Usiku mama akilala, binti aliichukua. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya kundi la WhatsApp la darasa lao, ambamo walitumiana maswali ya hesabu. Mtu mmoja akamwandikia pembeni. Picha yake ilikuwa ya kijana nadhifu, akajitambulisha kuwa mwanafunzi wa chuo. Alimsifu kwa akili zake. Alimtumia bando. Alimsikiliza alipolalamika kwamba baba ni mkali. Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha akaomba picha. Kisha picha nyingine, isiyo na nguo. Siku alipoipata hiyo ya pili maneno yake yalibadilika: kama hutaki kuonana nami, picha hii nitaituma kwenye kundi la darasa, na baba yako pia ataiona.

Binti alikwenda. Aliyemkuta hakuwa kijana wa chuo. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, anayeishi mtaa wa pili, ambaye kila asubuhi hununua maandazi kwa mama yake na kumwamkia kwa heshima.

Tulimwuliza, "Mwanangu, kwa nini hukumwambia mama tangu alipokutisha?" Akatujibu, "Mama angenipiga, simu ingevunjwa, na picha ingesambazwa vilevile."

Wapendwa, tulipima jibu hilo kwa muda mrefu. Mtoto alimwogopa mama kuliko alivyomwogopa yule aliyekuwa akimwangamiza. Na mama huyu si mkatili hata kidogo. Ni mama kama wewe na mimi, anayesema "ole wako nikusikie" mara kumi kwa siku na kudhani kwamba analea.

Msidhani kisa hiki ni cha peke yake. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na mashirika ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL, na kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wakitumia intaneti. Kati ya hao, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kijinsia kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu. Nne katika mia yaweza kuonekana ndogo. Lakini chukua watoto 500 wanaotumia intaneti: hao ni watoto 20. Na mara nyingi mtendaji si mgeni wa mbali, bali mtu ambaye mtoto anamjua.

MAMA AFANYE NINI JUU YA SIMU?

Kumnyang'anya kijana simu moja kwa moja hakusaidii sana. Ataazima ya rafiki. Haya ndiyo tuliyokubaliana wenyewe katika nyumba zetu:

Kwanza, simu zote zilale mahali pamoja usiku, chumbani kwa wazazi, zetu zikiwamo. 

Pili, mtoto asiweke hadharani jina la shule, picha akiwa na sare, wala namba ya simu. Mitandao mikubwa kama WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok yenyewe imeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Mtoto wa darasa la nne mwenye akaunti, mwenye kosa ni sisi tuliomfungulia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwambie mtoto wako mapema, kabla ya shida yoyote: "Mtu akikutisha kwa picha au kwa neno lolote, njoo kwangu. Hata kama umekosea wewe, sitakupiga." Kisha siku hiyo ikifika, lishike neno lako.

Nne, likitokea, msimlipe mtu huyo fedha wala kumtumia picha nyingine, hatatosheka. Msifute ujumbe. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha namba na maneno ya vitisho, mwandike tarehe, kisha mwende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Iko pia namba 116 ya kumsaidia mtoto. Kupiga ni bure, Bara na Visiwani. Lakini picha ya utupu ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata dada yako, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaifanya kuwa kosa la jinai kusambaza picha za namna hiyo.

Tano, tuseme na watoto wetu wa kiume. Kijana anayepokea picha ya msichana na kuipeleka kwa wenzake ili wacheke, ameshiriki dhambi na ameshiriki uhalifu. Tumezoea kumfundisha binti ajilinde, na mwana tunamwacha ajifundishe mwenyewe barabarani.

MIMBA SI MWISHO WA SHULE

Mama wa binti yetu alikwisha kuamini kwamba shule imekwisha. Wengi bado wanaamini hivyo, na si ajabu. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017, Rais wa wakati huo, John Magufuli, alisema huko Chalinze kwamba wasichana wanaojifungua hawatarudi katika shule za serikali. Maneno hayo tuliyasikia redioni sote, na baadhi yetu tulipiga makofi.

Mambo yalibadilika tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Tangazo hilo likatolewa kama Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Mwanafunzi amepewa muda wa miaka miwili tangu alipoacha masomo. Kwa hiyo, mama mwenye binti nyumbani, usingoje mtoto akue kwanza. Nenda mapema kwa mkuu wa shule aliyosoma, au kwa ofisi ya elimu ya kata. Ukijibiwa kwa mkato, kama alivyojibiwa mwenzetu mara ya kwanza, rudi ukiwa na mtu wa pili na uutaje waraka huo kwa jina na namba. Mwenzetu alirudi na mchungaji. Jibu likawa lingine.

Kama muda umepita, au binti haoni kwamba anaweza kukaa tena na wenzake wadogo, njia nyingine ipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vya kusomea sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hufundisha ufundi na masomo, na baadhi yake vina mahali pa kulelea watoto wachanga mama zao wakiwa darasani.

Kabla ya shule, liko jambo la uhai. Msichana aliye chini ya miaka 20 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba na maambukizo baada ya kujifungua, na mwili ambao haujakomaa waweza kushikwa na uchungu wa muda mrefu hata kuleta fistula. Mabinti wengi huficha tumbo hadi mwezi wa sita au wa saba, na kliniki hawaendi kwa aibu. Mpeleke wewe mwenyewe, mapema, ukae naye kwenye foleni. Watu wakitazama, watazame.

"LAKINI SI NI KUHALALISHA DHAMBI?"

Swali hili liliulizwa katika kikao chetu, na aliyeliuliza ni mama mcha Mungu ambaye tunamheshimu. Hatulipuuzi. Sisi sote tunafundisha watoto wetu kungoja ndoa, nasi tutaendelea kufundisha hivyo bila kutahayari.

Lakini tuangalie yaliyotokea. Wakati ule wa kufukuza, katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa asilimia 22. Kufukuza, basi, hakukuwa kinga. Msichana aliyefukuzwa hakuwa mtakatifu zaidi. Alikuwa maskini zaidi, na mara nyingi mimba ya pili ilifuata upesi kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika. Kumsamehe mtu si kumwambia alichofanya ni chema. Na tukumbuke ya kwamba huyu wa kwetu hakuwa amefanya uzinzi kwa kupenda. Alitishwa.

Jambo jingine ni la sheria. Mtu anayelala na msichana aliye chini ya miaka 18 ambaye si mke wake, kwa sheria amebaka, hata akisema msichana aliridhia. Na tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari atafungwa miaka 30. Kwa nini basi wengi wao wanatembea mitaani? Kwa sababu tunamalizana nyumbani. Wazee wa upande wa mwanamume hufika jioni na bahasha, wanazungumza kwa upole, wanataja ujirani mwema. Binti anaambiwa asiseme jina. Kesi inakosa shahidi, inakufa.

Kwa mwenzetu walifika pia. Wakati huo alikuwa na deni la kikundi cha kukopeshana, na waliloleta lingelimaliza deni lote na chenji ibaki. Alitueleza kwamba aliishika ile bahasha mkononi. Akasikia binti akikohoa chumba cha pili. Akairudisha. Asubuhi yake akaenda kituoni na simu ile, ambayo kwa bahati njema ujumbe wake ulikuwa haujafutwa. Kesi bado inaendelea, kwa hiyo hatutasema zaidi. Deni analilipa polepole, na maandazi amepoteza wateja kadhaa wa mtaa wa pili.

TULILOLIFANYA BAADAYE

Waraka ulifungua mlango wa shule, lakini mtoto mchanga haulei. Tuliona hili wiki ya kwanza tu. Binti alikuwa akikaa darasani maziwa yamejaa, nguo imelowa, wenzake wanamwita "mama fulani". Bibi wa mtoto yuko kituoni na chai hadi saa tano. Mtoto akipata homa, nani amkae?

Tukapanga zamu. Akina mama sita, kila mmoja siku yake, na wa sita ni wa akiba. Mtoto huletwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuchukuliwa jioni. Mwalimu wa malezi, baada ya kuombwa, amekubali binti atoke wakati wa mapumziko kwenda faraghani kukamua maziwa. Ada si tatizo, maana katika shule za serikali imefutwa. Lakini sare mpya, madaftari na nauli vinataka fedha. Tulichanga. Haikuwa fedha nyingi kwa kila mmoja, kama bei ya kilo mbili za sukari kwa mwezi.

Baba yake alichelewa kulainika. Mume wa mmoja wetu alikwenda kuzungumza naye, mwanamume kwa mwanamume, mara nne. Binti amekwisha kurudi nyumbani. Mazungumzo kati yao bado ni machache, lakini Januari baba ndiye aliyenunua viatu vya shule, akaviweka mlangoni pake bila kusema neno.

Tena, tulikwenda kumwomba radhi. Tulikwenda wote tuliokuwa kwenye kikao kile cha Jumanne. Tukamwambia kwamba tulikosea, na kwamba nafasi yake kwenye kwaya iko wazi. Alitusikiliza, mtoto akiwa mapajani. Akasema, "Asanteni, mama zangu. Nimewasamehe. Ila kwaya siitaki kwa sasa."

Tumelipokea jibu hilo. Jumapili hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, ili mtoto akilia atoke upesi. Sasa mmoja wetu hukaa kando yake.

KWA MAZUNGUMZO KATIKA VIKUNDI

1. Je, mtoto wako akitishwa usiku wa leo, angemwambia nani kwanza? Kwa nini si wewe?

2. Katika mtaa au usharika wako yuko binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba? Ametimiza muda gani tangu alipoacha? Nani atakwenda naye kwa mkuu wa shule, na lini?

3. Kikundi chenu kimewahi kumtoa mtu katika huduma? Mlimwuliza nini kabla ya kumtoa?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye akiba ya nyumbani. Hadi hapo, Bwana azilinde nyumba zenu, nanyi mwaulize watoto wenu.